Je, Kipimajoto Kilichomo Ndani ya Tarakilishi Husema Kweli?

Kabla sijaenda mbali naomba nikiri kosa langu. Katika muhula wa pili, rafiki yangu mmoja wa Kidato cha Nne aliniuliza atumie mashine ipi katika chumba chetu cha tarakilishi ili amalizie mradi wake wa KCSE. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimejipachika cheo cha "daktari wa mashine", nilimwambia bila kusita atumie nambari 7, ile iliyo pembeni karibu na dirisha. Sababu nilikuwa nayo. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimezipima joto mashine zote kumi na mbili kwa programu ndogo inayoonyesha joto la prosesa, yaani ule ubongo wa tarakilishi, na nambari 7 ndiyo iliyokuwa baridi kuliko zote. Nyingine zilisema 31, 34, 38. Hiyo ilisema nyuzi 9.

Nyuzi 9! Na wala sikushtuka. Ukutani mwa chumba hicho pana kipimajoto cha kawaida tulichoazima kutoka maabara ya fizikia, nacho asubuhi hiyo kilisema 17. Sasa hebu niambie, tarakilishi iliyowashwa, inayokula umeme, inayopulizwa na feni inayovuta hewa ya chumba hichohicho, itakuwaje baridi kuliko chumba? Feni si friji. Mtoto wa darasa la sita angeniuliza swali hilo. Lakini mimi niliiona nambari kwenye kioo nikaiamini, ati kwa kuwa imetoka kwa mashine.

Basi, usiku wa prepu, kama saa tatu hivi, nambari 7 ilianza kwenda mwendo wa kobe. Rafiki yangu anabonyeza herufi, herufi inatokea baadaye kama barua ya posta. Akavumilia. Kisha zii! Kioo kikawa cheusi. Kazi yote aliyoifanya tangu prepu ianze ikaenda na maji, kwa maana hakuwa ameihifadhi. Hakunigombeza. Alinitazama tu, na heri angenigombeza.

Kesho yake tuliifungua mashine hiyo mbele ya mwalimu. Lile bati la kupozea prosesa, ambalo feni hukaa juu yake, hushikiliwa na miguu minne ya plastiki. Mguu mmoja ulikuwa umechomoka, bati limeinama upande mmoja, na ile grisi nyeupe inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye bati ilikuwa imekauka kama ukoko wa ugali. Kumbe mashine niliyoisifu kuwa ndiyo yenye afya kuliko zote ndiyo iliyokuwa mgonjwa mahututi! Mwalimu akaniuliza swali moja tu: "Sasa hicho kipimo chako kilidanganya au hakikudanganya?" Sikuwa na jibu. Nimelitafuta likizo nzima, na makala haya ndiyo jibu lenyewe. Mniwie radhi kwa urefu wake.

Kwanza jina. Kifaa ninachokizungumzia hapa nitakiita kihisi, kwa kuwa kazi yake ni kuhisi joto. Wapo wanaokiita sensa, lakini sisi neno hilo tumekwisha kulizoea kwa kazi ya kuhesabu watu, na mtu akisikia sensa ya prosesa anaweza kudhani prosesa zinahesabiwa nyumba kwa nyumba.

Haya. Kihisi hicho hakina zebaki wala mshale. Kimechongwa ndani ya kipande kilekile cha silikoni ambamo prosesa yenyewe imechongwa, na ni kidogo mno hata jicho haliwezi kukiona. Aghalabu ni dayodi tu, au transista iliyofungwa ifanye kazi kama dayodi. Wenzangu wa Kidato cha Nne wanaikumbuka dayodi kutoka sura ya elektroniki: huruhusu umeme kupita upande mmoja, na ile ya silikoni hudai volti 0.6 au 0.7 hivi kabla ya kuufungulia umeme mlango. Jambo ambalo pengine hatukulitilia maanani darasani ni kwamba dai hilo hupungua dayodi ikipata joto. Kila nyuzi moja ikiongezeka, volti hizo hupungua kwa kama sehemu mbili hivi za elfu za volti. Kwa hiyo ukijua volti, umejua joto. Ni rahisi, sivyo?

Si rahisi hivyo. Dayodi mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja hazilingani, kama ndugu wa tumbo moja wasivyolingana kimo. Moja itadai 0.65 na nyingine 0.66 katika joto lilelile, na tofauti hiyo ndogo peke yake ni kosa la nyuzi tano. Wahandisi wakabuni ujanja. Wanapitisha mkondo mdogo wa umeme katika dayodi, wanapima volti. Kisha wanapitisha mkondo mkubwa mara kumi katika dayodi hiyohiyo, wanapima tena, halafu wanatoa. Katika kutoa huko, tabia nyingi za dayodi husika hufutana, na linalobaki ni joto. Joto la chumba likiwa nyuzi 27, tofauti hiyo huwa karibu sehemu 60 za elfu za volti, na kila nyuzi moja inayoongezeka huiongeza kwa sehemu 2 tu za elfu kumi za volti.

Ngoja turudie hapo, maana ndipo penye kiini cha mambo. Betri ndogo ya saa ya ukutani ina volti 1.5. Ugawe umeme wake katika vipande 7,500. Kipande kimoja ndicho nyuzi moja ya joto. Sasa kipande hicho kinapimwa ndani ya prosesa ambamo mamilioni ya transista, na katika prosesa za siku hizi mabilioni, zinawaka na kuzima mabilioni ya mara kwa sekunde, kila moja ikitikisa umeme wa jirani zake. Ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona katikati ya soko siku ya mnada.

Halafu hata ule ujanja wa kutoa haufuti kila kitu. Hesabu yake hutegemea namba moja inayoeleza dayodi iko karibu kiasi gani na dayodi kamili ya vitabuni. Namba hiyo ikikosewa kwa asilimia 1, joto linakosewa kwa asilimia 1, na asilimia hiyo haihesabiwi kutoka sufuri tuliyoizoea bali kutoka sufuri kamili, nyuzi 273 chini yake. Kwa hiyo katika nyuzi 27 kosa huwa nyuzi 3 nzima. Ongeza ukinzani wa nyaya nyembamba zinazoifikia dayodi. Iwapo mikondo miwili ni sehemu 10 na sehemu 100 za milioni za ampea, omu moja tu ya ukinzani usiotarajiwa huleta kosa la karibu nusu nyuzi. Hayo yote si uzembe wa mtu.

Dawa yake ni kukirekebisha kila kihisi kiwandani, kimoja kimoja, dhidi ya joto linalojulikana. Lakini kumbuka kiwanda kinatoa prosesa kwa mamilioni, na kila sekunde prosesa inayokaa kwenye meza ya majaribio ni pesa. Hawawezi kukipima kihisi katika kila nyuzi kuanzia sufuri hadi mia. Inawabidi wachague mahali pa kukirekebisha kwa makini. Je, wewe ungechagua wapi?

Fikiria kile kipimajoto cha zebaki cha zahanati, cha zamani. Kimegawanywa kuanzia nyuzi 35 hadi 42 tu. Kati ya namba hizo ni hodari, huonyesha hata sehemu ya kumi ya nyuzi, kwa kuwa hapo ndipo penye uhai na mauti ya mgonjwa wa homa. Ukikitumbukiza katika maji ya kisima yenye nyuzi 20 hakitakuambia 20. Zebaki yake itabaki chini kabisa, na usiposoma vizuri utaapa kwamba maji yale ni 35. Je, kimeharibika? La hasha. Umekiuliza swali ambalo hakikuumbwa kulijibu.

Kihisi cha prosesa ni ndugu yake, isipokuwa chenyewe kinailinda prosesa isiungue. Umuhimu wa ulinzi huo ulionekana wazi mwaka 2001, pale jarida la mtandaoni la Tom's Hardware lilipofanya jaribio ambalo mafundi wanalisimulia mpaka leo. Walichukua tarakilishi zinazocheza mchezo wa Quake III wakang'oa lile bati la kupozea zikiwa bado zinafanya kazi. Pentium 4 ya kampuni ya Intel, iliyokuwa na ulinzi wa joto ndani yake, ilipunguza mwendo ikaendelea kuchechemea. Pentium III ilikwama lakini haikufa. Prosesa za Athlon za kampuni ya AMD zilifuka moshi zikafa palepale. Wakati huo tarakilishi nyingi zilikuwa zikipima joto kwa kihisi kilichowekwa nje, chini ya soketi ya prosesa. Moto ukiwaka ndani, habari zinafika huko nje prosesa imekwisha kuwa mkaa.

Basi wahandisi huchagua kukirekebisha kihisi huko juu, karibu na joto la hatari. Kule chini kwenye nyuzi 20 au 30 hakuna prosesa iliyowahi kufa kwa joto, kwa hiyo kosa la huko halimuumizi mtu. Isipokuwa rafiki yangu, lakini kosa lile lilikuwa langu.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Tangu mwaka 2006, prosesa za Intel za jamii ya Core zimekuwa na kihisi ambacho hakisemi joto hata kidogo! Kinachosema ni umbali: zimebaki nyuzi ngapi kabla ya kufika kwenye kikomo cha juu. Mafundi hukiandika kikomo hicho TjMax. Kihisi kikisema 40, maana yake ni "bado nyuzi 40 nifike kwenye hatari." Kikisema 0, maana yake tumefika, punguza mwendo sasa hivi. Ni kama utingo wa matatu asiyekuambia mmetoka Nakuru kilomita ngapi. Yeye hupiga kelele tu kwamba zimebaki kumi, zimebaki tano, shukeni. Hesabu yake yote hutoshea katika namba za 0 hadi 127, nyuzi nzimanzima, bila nusu.

Joto tunaloliona kwenye kioo, basi, ni hesabu ya kutoa iliyofanywa na programu: kikomo toa umbali. Kikomo kikiwa 100 na umbali 40, programu inaandika 60. Hapo kuna mtego. Programu isipokijua kikomo cha kweli inakisia. Katika miaka ya kwanza ya prosesa za Core 2 za tarakilishi za mezani, kikomo hicho hakikuwa kimetangazwa waziwazi, na waandishi wa programu walikuwa wakikisia, huyu 85, yule 100. Prosesa ni ileile, sekunde ni ileile, kihisi ni kilekile, lakini programu moja inasema 45 na nyingine inasema 60! Watu wakabishana usiku kucha nani ana feni nzuri kumbe wanabishana juu ya namba iliyokisiwa. Mwaka 2008 Intel ilitoa vikomo vya baadhi ya prosesa hizo, na katika kizazi kilichotoka mwishoni mwa mwaka huo kikomo kikaandikwa ndani ya prosesa yenyewe ili programu ikisome badala ya kubahatisha. Mashine kuukuu kama zetu, zilizofika shuleni zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, bado zimo katika enzi ya kukisia.

Sasa turudi kwa nambari 7. Tuchukulie kwamba kikomo chake ni 100 na programu inakijua. Ilisema 9, maana yake kihisi kilihesabu umbali wa 91. Chumba kilikuwa 17, na prosesa iliyokaa bila kazi inaweza kuwa juu ya chumba kwa nyuzi kadhaa, tuseme ilikuwa 24. Umbali wa kweli ni 76. Kihisi kimehesabu 91 pahali pa 76, yaani katika kila hatua 5 za kweli kinahesabu 6, kama mtoto mwenye miguu mifupi anayepima uwanja kwa hatua zake. Ona sasa jinsi kosa hilo linavyokuwa. Prosesa ikiwa nyuzi 24, inasema 9: kosa 15. Ikiwa nyuzi 60, umbali wa kweli ni 40, chenyewe kinahesabu 48, inasema 52: kosa 8. Ikiwa 90, inasema 88: kosa 2. Ikiwa 95, inasema 94. Na ikifika 100, umbali ni sufuri, na sufuri mara yoyote ni sufuri. Haina kosa.

Nilipoimaliza hesabu hiyo kwenye karatasi nilikaa kimya. Kihisi nilichokuwa nikikisimanga kwa uongo kilikuwa kimesema kweli saa ile ilipohitajika. Usiku ule kilipofika kwenye kikomo kilipunguza mwendo, ndiyo sababu herufi zikachelewa. Joto lilipozidi kupanda, mashine ikazimwa kabla ya silikoni kuungua. Uongo wake ulikuwa wa asubuhi, wakati ambapo hapakuwa na hatari, na ndio huo nilioutegemea.

Fauka ya hayo, hata kama kihisi kingekuwa sahihi asubuhi ile, bado ningepotoka. Prosesa isiyo na kazi hutoa joto dogo sana, na bati lililolegea linaweza kulibeba joto hilo bila taabu. Mgonjwa wa moyo akiwa amekaa kitini hana tofauti na mzima. Mpandishe mlima ndipo utajua.

Wapo pia vihisi vinavyokwama. Joto likishuka chini ya kiwango fulani vinaganda kwenye namba moja na kuirudia, kama ile zebaki ya zahanati. Ukiona kiini kimoja cha prosesa kinasema 28 kuanzia alfajiri hadi saa nne, na vingine vinapanda na kushuka, usikipongeze kwa utulivu wake.

Msije mkafikiri ninawasema Intel tu. Huko AMD mambo yana utamu wake. Mwaka 2017 walipotoa prosesa za Ryzen, watu walionunua aina za 1700X na 1800X walishtuka kuona zinachemka kupita ile ya 1700, ambayo ni ya jamii hiyohiyo. AMD ikaeleza kwamba namba inayotolewa na aina hizo mbili imeongezewa nyuzi 20 kwa makusudi! Namba ile ni ya kuiongoza feni, na walitaka feni zifuate mpango mmoja katika aina zote. Prosesa ya nyuzi 45 ilikuwa ikisema 65, na hakuna kilichoharibika. Maelezo ya programu ya Linux inayosoma vihisi vya AMD, iitwayo k10temp, yanasema bila kuficha kwamba namba hiyo ya kuongozea feni si joto halisi la kitu chochote; ni kipimo cha kubuni kilichoandikwa kwa nyuzi. Na kuna baadhi ya prosesa za zamani za AMD ambazo kihisi chake kina kasoro inayojulikana, hata programu hiyohiyo hukataa kukisoma mpaka mtu ailazimishe. Mimi nimeipenda sana programu hiyo. Ni watu wangapi unaowajua wanaoweza kukataa kusema jambo wasilo na hakika nalo?

Swali la mahali na la wakati nitaligusa kidogo tu. Prosesa haina joto moja. Sehemu inayofanya hesabu inaweza kuwaka huku sehemu ya kumbukumbu jirani yake imepoa, na kihisi kinajua habari za pale kilipo tu. Ukigusa bati la juu kwa kidole, au ukilipima kwa ile bunduki ya kupimia joto la uso, unapima bati wala si kiini kilicho chini yake. Na joto la ndani huweza kuruka nyuzi nyingi katika sehemu ndogo ya sekunde, ilhali programu yetu huuliza mara moja tu kwa sekunde. Kilele kinaweza kupita bila kuonekana, kama panya kati ya kupepesa macho mara mbili.

Je, tufanyeje basi, tusiamini chochote? Si hivyo. Katika maelezo ya baadhi ya prosesa zake za miaka ya karibuni, Intel imeandika kwamba kosa la kihisi halizidi nyuzi 5 juu au chini katika masafa yote ya kazi. Hilo si baya. Na kipimo chochote kinaweza kukaguliwa kwa jambo ambalo jibu lake tunalijua. Kile kipimajoto cha ukutani tulikikagua kwanza kwa barafu inayoyeyuka, kikasema 0. Kisha tukakitia katika maji yanayochemka, kikasema 93, na mwenzetu mmoja akapiga kelele kwamba kimeharibika. Hakikuharibika. Shule yetu iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na huku maji huchemka karibu na 93. Angekuwa Mombasa, hapo ndipo angekuwa na haki ya kupiga kelele.

Kwa prosesa, jambo linalojulikana kule chini ni joto la chumba. Tuliziacha mashine zimezimwa usiku kucha, tukaja alfajiri kabla ya kengele ya staftahi, tukaziwasha na kusoma mara moja. Mashine zilizosema chini ya 17 zilikuwa zinajitangaza zenyewe, na zilikuwa mbili: nambari 7 na nambari 11, ambayo kiini chake kimoja kilisema 14 na ndugu yake 22. Kule juu hatukukagua, kwa maana jaribio la kuziba feni makusudi ni la watu wenye mashine za kutupa.

Baadaye tukafanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo. Tulizipa mashine zote kazi nzito ya aina moja kwa dakika ishirini, tukaandika namba. Nambari 4 ilipanda hadi 96. Fundi aliyeitwa kutoka mjini alikuwa amekwisha kusema kwamba kihisi cha nambari 4 kimekufa na mashine yenyewe inunuliwe nyingine, na barua ya kuomba pesa kwa halmashauri ya shule ilikuwa imeandikwa tayari. Tuliifungua, tukakuta blanketi la vumbi kati ya feni na bati. Tukasafisha, tukafuta grisi kavu, tukapaka mpya ukubwa wa punje ya njegere. Tukarudia kazi ileile, chumba kikiwa na joto lilelile: 71. Huenda ile 96 ilikuwa 93 au 99, na hiyo 71 huenda ni 67. Sijui, wala sihitaji kujua. Kihisi ni kilekile, na makosa yake sehemu kubwa yamo katika namba zote mbili, kwa hiyo ukizitoa yanapungua. Mashine imepoa kwa nyuzi 25 hivi, na hakuna kosa la nyuzi 5 linaloweza kulificha jambo hilo. Barua ikaandikwa upya, safari hii ya kuomba kopo la grisi na brashi.

Rafiki yangu aliandika upya kazi aliyoipoteza, kwa mashine nambari 4, akaiwasilisha siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Sasa huhifadhi kazi kila baada ya sentensi moja, na kila akinipita kwenye veranda huniuliza chumba kina nyuzi ngapi leo.

Nambari 7 bado iko pale pembeni karibu na dirisha. Tuliurudisha mguu wake wa plastiki, na ikipewa kazi nzito haipiti 74. Ubavuni tumeibandika karatasi kwa wino mwekundu: "Usiniulize asubuhi." Leo alfajiri, kabla sijamaliza kuandika makala haya, niliiwasha. Ukutani palikuwa 16. Yenyewe ikasema 8.